Siku Wakaguzi Walipoingia Chumba cha Giza

Ukitaka kumjua mwanamke huyu, anza na funguo zake. Zilikuwa ishirini na tatu kwenye pete moja ya chuma, pete yenyewe imefungwa kiunoni kwa kamba ya kiatu, na kila alipokwenda zilimtangulia kwa kelele kama mbuzi aliyevishwa kengele. Wanafunzi wakizisikia tu walishusha miguu mezani na kukusanya makombo yao. Ndio waliompa jina la Mama Funguo. Jina lake la kuzaliwa limo kwenye faili, ofisi ya utumishi, na huko limelala salama bila kusumbuliwa na mtu.

Kazi aliyoandikiwa ni usafi. Idara ya filamu na upigaji picha ilikuwa ghorofa ya chini ya chuo: vyumba sita, korido moja ndefu, na mwisho wa korido chumba kidogo kisicho na dirisha, mlango wake umepakwa rangi nyeusi. Hicho kiliitwa chumba cha giza. Humo ndimo mikanda ya picha ilimosafishwa kwa dawa mpaka sura za watu zikajitokeza. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alilazimika kupita humo kabla hajakabidhiwa kamera hizi za kisasa, ili ajue picha inatoka wapi.

Zamani chumba kile kilikuwa na fundi wake, mzee mkali mwenye kucha za njano kwa dawa. Macho yake yalipoanza kufifia aliona aibu kumwambia mtu. Gizani hakuwa na shida, maana gizani kipofu na mwenye macho ni ndugu. Shida yake ilikuwa kusoma vipimo kwenye chupa. Akamwita mama wa usafi. "Binti, hebu nisomee hapa." Akasoma. Kesho yake, "Binti, hebu nishikie hapa." Akashika. Mwaka wa pili ukaingia, na mzee akawa anakaa kwenye stuli anakosoa tu, na anayefanya kazi ni binti. Siku ya kustaafu alimkabidhi mkasi mmoja mdogo, akamwambia, "Mimi sina cheti cha kukupa. Chukua huu."

Nafasi ya fundi ikabaki wazi. Ikatangazwa mara ya kwanza, ikatangazwa mara ya pili, mwisho hata tangazo likachoka likajidondokea ukutani lenyewe. Wanafunzi nao hawangojei matangazo. Walikuja na mikanda yao mikononi, wakamkuta Mama Funguo na ndoo yake, wakamwuliza, "Mama, sasa hii inakuwaje?" Naye angewaambia nini? Aliegemeza dekio ukutani, akawa anawaonyesha. Ndivyo ilivyokuwa miaka mitatu. Alisafisha sakafu, akasafisha na picha, na mshahara ukabaki ule wa sakafu.

Ndipo ikaja barua ya tathmini.

Barua ilisema shahada ya filamu na upigaji picha itakaguliwa na wageni watatu kutoka nje ya chuo. Watasoma kitabu cha idara, watatembea, watauliza. Wakiridhika, shahada itaendelea. Wasiporidhika, itafungwa, na wanafunzi watagawanywa kwenye kozi nyingine kama watoto yatima wanaogawanywa kwa wajomba. Na chumba cha giza, hilo lilisemwa kabisa kwenye kikao, kitafanywa stoo ya viti vibovu. Mama Funguo alilisikia akiwa anakusanya vikombe. Alitoka na sinia akasimama koridoni muda mrefu, macho kwenye ule mlango mweusi.

Mkuu wa idara alikuwa mtengenezaji filamu, na duniani hakuna alichokiona kisichokuwa filamu. Kikao kikimchosha alisema, "Kata!" Mtu akimpinga, "Kata!" Hata simu ya mkewe aliimaliza kwa neno hilo. Kwa hiyo nyuma ya mgongo wake aliitwa Bwana Kata. Hakuwa mtu mbaya. Aliipenda idara yake kama mtu anavyompenda mtoto mgonjwa, na ndiyo maana alipoipata ile barua hakufikiri kuirekebisha idara. Aliamua kuiigiza.

Aliandika kitabu cha tathmini kurasa mia na ishirini. Kisha akaandika mwongozo wa siku yenyewe: nani atasimama wapi, nani atapita na vitabu kwapani, nani atacheka na saa ngapi. Akabandika vipande vya utepe wa rangi sakafuni, misalaba midogo midogo, kila mhadhiri na msalaba wake. Msalaba wa kwanza ulikuwa mbele ya ufa wa ukuta, ili mwili wa mhadhiri mnene uufunike. Wa pili ulikuwa mbele ya kabati lisilo na kitu ndani. Wakafanya mazoezi siku tatu. "Kata! Wewe umefika kabla ya swali. Rudia!"

Siku ya mwisho ya mazoezi alimwita Mama Funguo ofisini.

"Mama, wewe ni mtu wetu wa karibu," alianza. "Lakini siku hiyo sikuhitaji kwenye fremu."

"Kwenye nini, mwanangu?"

"Usionekane."

"Haya. Na dawa atachanganya nani?"

"Utachanganya wewe alfajiri, kisha uende nyumbani ukapumzike. Saa mbili uwe umeshatoka."

"Na wakimtaka fundi?"

"Fundi yupo. Ukurasa wa sitini na moja: fundi wa chumba cha giza, mmoja, mwenye diploma." Akaelekeza kidevu dirishani. Nje, dereva wa idara alikuwa anafuta kioo cha gari huku anapiga mluzi.

Mama Funguo akatazama nje, akamtazama mkuu, akatazama tena nje. "Yule?"

"Ana ndevu zenye mvi, ana miwani, ana sauti nzito. Mama, yule ana sura ya diploma."

Kusema kweli sura hiyo alikuwa nayo. Kilichopungua ni diploma tu.

Jioni alimweleza mumewe, fundi viatu anayefanyia kazi barazani pao. Mzee alicheka mpaka sindano ikamchoma.

"Sasa wewe umeambiwaje, useme uongo au unyamaze?"

"Ninyamaze."

"Basi huna dhambi."

"Kunyamaza ni nusu ya dhambi, baba watoto."

"Nusu inabebeka. Wangapi hapa mtaani wanatembea na nzima nzima mgongoni na hawajapinda?" Akavuta uzi kwa meno. "Shahada ikifungwa watakupeleka kufagia mabweni. Ghorofa nne, na magoti yako hayo."

Mabweni hayakumwogopesha. Kilichomkaa moyoni ni kile chumba, na viti vibovu vimepandana juu ya sinki lake. Kabla ya kulala alipiga magoti yake hayo hayo mabovu akaomba: "Ee Mungu, sikuombi wafaulu kwa uongo. Nakuomba wafaulu tu. Njia utaijua mwenyewe."

Tuwe waangalifu na maombi ya namna hii. Mtu akimwachia Mungu achague njia, asishangae njia ikipitia mlangoni kwake.

Asubuhi yake aliwahi kuliko ndege. Akadeki vyumba vyote sita na korido. Alipofika kwenye ile misalaba ya utepe, pembe zake zilikuwa zimeinuka na zimeshika vumbi, akapiga goti akaibandua mmoja mmoja, akaitupa ndoo ya taka. Alifanya hivyo kwa bahati mbaya au kwa makusudi? Kila mtu alimwuliza baadaye. Jibu lake nitawapa ukifika wakati wake.

Saa moja hivi akatoka kumwaga maji, akaona bibi mmoja amesimama karibu na maegesho. Kiatu cha kutembelea, sweta la kijivu, kikamera cha zamani kinaning'inia shingoni. Akajua moja kwa moja ni bibi wa mwanafunzi fulani. Akamletea kiti cha plastiki.

"Shikamoo mama. Kaa, usisimame. Ofisi bado."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante." Bibi akakaa. "Hapa wanasoma nini hasa?"

"Filamu na picha. Una mjukuu hapa?"

"Ninao wengi," akasema bibi. "Eti ni shahada nzuri?"

Hapo ndipo Mama Funguo, kwa ule ukarimu wa mtu anayempokea mgeni, akavuta ndoo akaigeuza, akakaa juu yake.

"Nikwambie kweli? Wanapoingia hawajui kutazama. Mtoto anapita hapa kila siku, mwulize mlango ule una rangi gani, hajui. Miaka mitatu baadaye anakuja ananiambia, mama, leo jua limekugonga vizuri shavuni. Na ni kweli limenigonga! Sasa hiyo ni elimu ndogo? Mtu aliyejifunza kumtazama mwenzake hawezi kumdharau kirahisi."

"Na ubovu wake?"

"Ah, ubovu upo. Kamera sita, zinazofanya kazi tatu, na moja kati ya hizo mpaka uipige kofi. Wahadhiri wazuri ila wanapenda kusema. Mtoto anakaa mwaka mzima anaambiwa namna ya kushika kamera, hajaishika. Na mwaka wa mwisho, kile kibanda cha nje cha kuhariria filamu paa lake linavuja, wanafanya kazi na miavuli." Akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja. "Leo usiseme haya, mama. Leo tunakaguliwa."

"Sitasema," akasema bibi, na kile kikamera kikalia *klik*.

Mama Funguo akaenda kuchanganya dawa. Na hapo ndipo saa mbili ilipomponyoka. Dawa ya kwanza haitaki maji ya moto wala ya baridi. Inataka nyuzi ishirini kamili, na asubuhi ile maji ya bomba yalikuwa vuguvugu. Akatuma mkahawani aletewe barafu, barafu ikachelewa. Akaitia kidogo kidogo, macho kwenye kipimajoto, na alipoinua kichwa akasikia viatu vingi koridoni, na sauti ya Bwana Kata imepanda juu kuliko kawaida yake.

"Lakini waheshimiwa, ratiba inaanzia ukumbini! Kahawa iko tayari!"

"Tuanzie mwisho," ikasema sauti ya mwanamke. "Ukumbi haukimbii."

Mama Funguo akabaki na barafu mkononi. Sauti ile ilikuwa ya kwenye kiti cha plastiki.

Yote aliyoyasema yakamrudia kwa mpangilio: kofi la kamera, miavuli, wahadhiri wanaopenda kusema. Amewamaliza kwa ulimi wake mwenyewe, yeye aliyeambiwa kazi yake ni kunyamaza tu! Kutoka hakuwezekani, korido imejaa. Akazifungua funguo kiunoni akazitumbukiza ndani ya glavu ya mpira zisilie, akajibana kati ya sinki na kabati, na juu yake akavuta lile guo jeusi la kufunikia kamera kubwa ya zamani. Mwili wake haukuwa mdogo. Guo lilifunika kila kitu isipokuwa miguu.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia dereva, koti jeupe, tai shingoni, jasho usoni. Jicho lake likaenda moja kwa moja kwenye zile ndala mbili za bluu chini ya kabati. Aliziona kila siku miaka mingi.

Nyuma yake akaingia yule bibi wa asubuhi, na chumba kile hakimezi watu zaidi ya watatu. Mkaguzi mwenye faili kubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu vitu, akabaki nje na yule mwenzao wa tatu. Bwana Kata akaingiza kichwa.

"Huyu ndiye fundi wetu."

"Vizuri," akasema bibi mkaguzi. Akavua kamera shingoni, akatoa mkanda. "Nimepiga asubuhi hii. Naomba anisafishie, nione."

Kwenye mwongozo hilo halikuwemo.

"Bila shaka!" akasema Bwana Kata. "Fundi, washa ile taa nyekundu. Inapendeza sana, mtaona."

"Taa nyekundu?" akauliza bibi taratibu. "Kwa mkanda huu, mwalimu?"

Mtoto yeyote wa mwaka wa kwanza aliyefundishwa na Mama Funguo anajua kwamba taa nyekundu ni ya karatasi za picha. Mkanda ukiuonyesha taa hata ya kibiriti umeuua. Lakini Bwana Kata kazi aliianza na kamera za kisasa. Taa nyekundu aliijua kwenye sinema. Akacheka kicheko cha koo, akarudisha kichwa chake nje, mlango ukafungwa.

Taa ikazimwa. Likaja giza lile ambalo ukiinua mkono mbele ya uso wako huuoni.

Ndani ya giza hilo dereva alishika mkanda kama mtu aliyeshikishwa yai la mamba. Mama Funguo alimsikia anapumua. Akawaza upesi: akiuvuta ovyo utakwaruzika, akiutia bila kuuvingirisha utashikana, na picha za bibi wa watu zitapotea, na shahada ipotee juu yake. Kunyamaza aliahidi. Kutogusa hakuahidi. Akatoka ndani ya guo, akanyoosha mkono, akaugusa mkono wa dereva.

"Mama yangu weee!" dereva akaruka.

"Kuna nini, fundi?"

"Hakuna kitu, mama. Ni... furaha ya kazi."

Mkanda ukahama mikono. *Tak*, kifuniko cha kasha la mkanda kikafunguka. *Kwach*, ule mkasi mdogo ukakata ncha. Dereva akaelewa kwamba kazi yake sasa ni kutoa sauti, akakohoa, akaanza kueleza kwa lile besi lake.

"Hapa mama naanza na gia ya kwanza. Hutakiwi haraka. Unaingia taratibu, kama unakaribia tuta."

*Krrr, krrr*, mkanda ukawa unavingirika kwenye kigurudumu chake.

"Sasa nimeweka ya pili. Hapa nimeangalia vioo vyote, nyuma hakuna mtu..."

"Fundi," akasema bibi.

"Naam, mama."

"Sauti yako iko kulia kwangu. Mkasi nimeusikia kushoto. Una mikono mirefu sana."

Dereva hakuiweka gia ya tatu. *Krrr, krrr.* Kisha hata hiyo ikakoma.

"Naomba kuuliza jambo dogo," bibi akaendelea, bila ukali wowote. "Hapa gizani tuko wangapi?"

"Wawili, mama!" akasema dereva. "Mimi na wewe. Wawili tu."

Kuna uongo ambao mchana unavumilika, lakini gizani unakuwa mzito hewani kama moshi. Mama Funguo alisimama na kigurudumu mkononi. Aliiona stoo ya viti vibovu. Aliziona ghorofa nne za mabweni. Akaona pia kwamba alikwisha kuomba, na Aliyeombwa yumo humu humu ndani, hahitaji taa kumwona. Nusu ya dhambi ikamwelemea kuliko nzima.

"Tuko watatu, mama," akasema. "Na Mungu wa nne."

"Ahaa!" akasema bibi. "Sauti ya asubuhi."

"Ndiyo, ni mimi. Lakini nakuomba usiwashe taa! Mkanda uko wazi, bado sijaufunika kwenye kopo lake."

Bibi mkaguzi akacheka. Alicheka mpaka akashika sinki, na huko nje Bwana Kata, kwa kusikia kicheko, akamnong'oneza mkaguzi mwenye faili, "Unaona? Fundi wetu ana ucheshi."

Taa ilipowashwa, kopo limefunikwa, Mama Funguo yupo katikati ya chumba na kanga yake ya kazi, nywele zimejaa utando wa buibui. Akamimina dawa ya kwanza, akaanza kulitikisa kopo polepole, midomo inacheza.

"Unahesabu?" akauliza bibi. "Humu ukutani saa sioni."

"Naombea watoto, mama. Naanza na wa mwaka wa kwanza, jina kwa jina, mpaka wa mwisho. Nikifika kwa yule mrefu anayechelewa, dakika tisa zimetimia, nabadilisha dawa."

Bibi akatazama saa yake ya mkononi, akangoja. Yule mrefu anayechelewa aliombewa, dawa ikamwagwa. Dakika tisa na sekunde nne.

"Zile nne?"

"Leo nimemwongeza mkuu wa idara."

Mkanda ulipokwisha kuoshwa na kuning'inizwa kwa kibanio, wote wakaitwa, mmoja mmoja, kuutazama mbele ya taa. Mkanda ambao haujawa picha hugeuza mambo: cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe. Hata hivyo watu walitambulika vizuri mno. Picha ya tatu, dereva, na sare yake ya udereva, anaosha gari. Ya tano, wahadhiri wawili wanashusha kwenye gari kamera walizoazima kwa mpiga picha wa harusi. Ya tisa, Bwana Kata kwa mikono yake mwenyewe anamfunga dereva tai, ulimi umemtoka kidogo kwa umakini. Ya kumi na mbili, iliyopigwa kupitia dirishani, mwanamke amepiga goti anabandua utepe sakafuni. Na moja ya mwisho mwisho, mwanamke huyo huyo kakaa juu ya ndoo, anacheka, kiganja mdomoni.

Bwana Kata aliitazama ile ya tisa kwa muda mrefu. Kwenye mkanda mvi zake mwenyewe zilikuwa nyeusi, amekuwa kijana.

"Kata," akasema kwa sauti ndogo, na safari hii hakukuwa na mtu wa kurudia.

Ukaguzi wa ukumbini ulifuata kama kawaida, ila bila misalaba hakuna aliyejua asimame wapi. Mhadhiri mnene alikwenda kuegemea kabati tupu, likafunguka. Yule wa kabati akasimama kando ya ufa, akawa kama anauonyesha kwa wageni. Mkaguzi mwenye faili aliandika mpaka wino ukamwishia, akaazima kalamu nyingine kwa dereva. Dereva alikuwa ameshavua koti na amekaa kwa raha zake, akisema kwamba udiploma unachosha.

Jioni bibi mkaguzi akasimama kusema. Mama Funguo alikuwa mlangoni, sinia la vikombe mkononi.

"Kitabu chenu kina kurasa mia na ishirini," alisema, "na kimeandikwa kwa ustadi. Lakini mimi shahada yenu nimeielewa kwenye kiti cha plastiki. Nimekuja na orodha ya maswali yangu, na mtu mmoja amenijibu yote kabla sijauliza, mazuri na mabaya, akiwa amekaa juu ya ndoo. Mna kamera chache, paa linavuja, na mnasema kuliko mnavyofanya. Hayo yanatengenezeka. Kisichotengenezeka ni watoto wasiojua kutazama, na wa kwenu wanajua. Nimewahoji. Nimewauliza nani kawafundisha chumba cha giza, na wote wamenitajia jina moja ambalo kwenye kitabu chenu halimo, si ukurasa wa sitini na moja wala mwingine wowote."

Shahada ikapewa miaka miwili na masharti kumi na moja. La kwanza lilikuwa paa. La pili lilisema fundi wa chumba cha giza, ambaye yupo, aandikwe kuwa yupo.

Ofisi ya utumishi ikatikisa kichwa. Huyu ana darasa la saba, cheti kiko wapi? Bibi mkaguzi akaambatanisha ule mkanda, picha thelathini na sita, safi, bila mkwaruzo, akaandika chini yake: *Mtihani huu nimeusimamia mwenyewe, gizani.* Wakakuna vichwa wiki tatu, mwishowe wakamwandikia barua ya cheo cha Fundi Msaidizi.

"Namsaidia nani?" akauliza Mama Funguo.

"Fundi mkuu."

"Yuko wapi?"

"Nafasi yake bado iko wazi."

"Kwa hiyo namsaidia ambaye hayupo. Haya, huyo hatanisumbua."

Bwana Kata ndiye aliyemletea koti jeupe, lile lile la dereva. Alisimama mlangoni pa chumba cha giza anazungusha miwani mkononi. "Mama," alisema, "mimi mkanda sijawahi kusafisha hata mmoja. Unaweza kunifundisha? Bila wanafunzi kujua."

"Wanafunzi hawatajua, mwanangu. Humo ndani hakuna anayeonekana. Lete mkanda kesho, na ile taa yako nyekundu uiache ofisini."

Koti lilimfikia Mama Funguo vifundoni. Mfukoni akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa mkuu, maelekezo ya dereva kwa siku ile: *Simama wima. Tabasamu. Usiguse kitu.* Akaiona ina maana, akaibandika mlangoni kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na mpaka leo ipo.

Nyumbani mumewe alilizunguka koti kama anakagua kiatu kipya. "Sasa niambie mimi, mama watoto, hatuna mkaguzi hapa. Zile alama za utepe, kweli uliziondoa kwa bahati mbaya?"

Mama Funguo alikuwa anapinda mikono ya koti ili azifikie funguo zake.

"Mimi nilikuwa bado msafishaji asubuhi ile, baba watoto," akasema. "Nikaona uchafu."